Tawi Kwenye Taa

Niliegesha Datsun yangu kando ya soko la Kombewa. Niliporudi, taa ya nyuma ilikuwa imevunjika na tawi bichi limenasa ndani yake. Huku kwetu gari linalofungwa matawi mbele ni lile linalopeleka maiti nyumbani. Wauza nyanya wakaniambia pikapu ya buluu imepita ikielekea Bondo.

Nikaifuata nimefura. Msiba usiwe kisingizio cha kunivunjia taa.

Niliikuta kwenye boma lililojaa waombolezaji, rangi nyeupe ya Datsun yangu kwenye bampa yake. Nikamuuliza mama mmoja mwenye pikapu ni nani.

“Ni Walter. Amemleta mama yake,” akasema. Akanishika mkono, akanikalisha, akaniuliza nimetoka wapi; nikasema Kisumu, akaniletea chai. Sijaimaliza, mzee aliyeongoza hotuba akatangaza kwamba mgeni kutoka Kisumu ataeleza alivyomjua marehemu. Mgeni msibani hakatai kusema.

Nikasimama. Walter alikuwa kando ya jeneza, akinitazama kwa shukrani. Matusi niliyomwandalia njia nzima yalikuwa bado mdomoni.

“Naitwa Idd,” nikasema. “Mama nimekutana naye leo tu, Kombewa. Nikaona nimsindikize.”

Walter akaangalia Datsun pale langoni. Wimbo ulipoanza, akaja akanishika mkono.

“Nilisikia nimegonga,” akasema polepole. “Lakini ningesimamaje naye njiani?”

Nikamwambia hata mimi nisingesimama. Hasira nilikuwa nayo bado, ila sikuona wa kumpa.