Chai ya Mama Kalunde

Ilikuwa Jumamosi, saa nne na robo asubuhi. Jua kali, mbingu haina wingu, na upepo ulikuwa ukisukuma vumbi kutoka upande wa reli. Monika alikuwa amefunga madirisha ya sebule yake mjini Shinyanga ili wageni wasile vumbi pamoja na chapati. Joto lilikuwa jingi.

Wageni walikuwa watatu: Mzee Otmar, mkulima wa Ushirombo, dada yake Generoza, na Noela, binti wa Otmar, mwalimu wa shule ya msingi Geita. Mwezi uliopita Wilbard, mwana pekee wa Monika, dereva huko huko Geita, alikuwa amepeleka posa. Leo walikuja kupaona kwao kijana kabla ya kutoa jibu.

Monika alimimina chai. Hakuna aliyegusa kikombe.

"Karibuni chai," alisema kwa mara ya pili.

"Tumeshakaribia, Mama Wilbard," Generoza alijibu. "Tunaitazama kwanza."

Monika alijua kinachotazamwa. Miaka mitatu nyuma, vijana wa mjini walitengeneza filamu, wakamwomba yeye, fundi cherehani, aigize Mama Kalunde, mama mkwe anayemuua mke wa mwanawe kwa sumu ya kwenye chai. Aliigiza kwa siku nne tu. Filamu ikaingia kwenye simu, kwenye mabasi, na kwenye vibanda umiza vya kuonyeshea video kuanzia Kahama hadi Chato. Sokoni hakuna aliyemwita Monika tena.

Alichukua kikombe cha Generoza, akanywa nusu, akakirudisha.

"Hata Mama Kalunde alionja kwanza," Generoza alisema.

Wilbard, aliyeketi kando ya mama yake, alikunywa vikombe viwili mfululizo. "Shangazi, chai hii nimeinywa tangu utotoni."

"Mwana hakudhurika, baba. Sumu ilikuwa ya mkwe."

Otmar alikohoa. "Mama Wilbard, mimi nilisoma hapa. Kulikuwa na ukumbi wa sinema. Siku hizi ni ghala la mbegu za pamba. Tulitazama picha za Kihindi. Watu wanaimba, wanakufa, wanaimba tena. Lakini walifia kwao. Ukitoka nje humkuti muuaji ananunua nyanya. Sasa wewe nimekuona unaua mtu hapa hapa Shinyanga, na birika nimeliona, ni hili."

"Birika ni langu. Vijana hawakuwa na jingine. Baba Noela, kule ni kuigiza."

"Ndilo linalonitisha. Ungekuwa mkali, tungekujua. Wewe ulimchekea yule binti, ukamfunga khanga, ukamwita mama. Ukinichekea mimi, nitajuaje ni wewe yupi?"

Monika alitafuta jibu. Akitabasamu, ndivyo alivyotabasamu kwenye filamu. Akilia, alilia huko pia, msibani, kuwashinda wafiwa wote. Akinyamaza, ni kimya kile kile. Akikasirika, mwanawe angekosa mke siku hiyo hiyo. Aliweka mikono mapajani, kisha akaona kwamba hata mikono ilikuwa imekaa kama ya Mama Kalunde.

"Shangazi," Noela alisema taratibu, "mama hana neno na mimi."

"Yule marehemu alisema hivyo hivyo."

Generoza alimgeukia Monika. "Posa tutaipokea, kwa sharti. Noela hatakula kilichopikwa kwa mkono wako. Kwao Geita utakwenda ukialikwa, na jikoni huingii. Akijifungua, mtoto nitamwogesha mimi."

Wilbard aliinuka. Mama yake alimvuta shati, akaketi. Mwana alikuwa naye mmoja tu, na mjukuu alikwisha kumwogesha mara nyingi katika mawazo yake.

"Nimekubali," Monika alisema kwa upole.

"Umesikia?" Generoza alimnong'oneza kaka yake, wote wakasikia. "Sauti ile ile."

Otmar alipeana mkono na kila mtu, akapanda basi la saa saba. Generoza alinunua soda dukani, akaifungua mwenyewe, akainywa amesimama. Noela alimuaga Monika kwa heshima mlangoni, akaondoka bila kugusa chai. Wilbard alirudi Geita kutafuta nyumba ya kupanga. Monika aliimwaga chai, akaosha vikombe, akaenda parokiani kuuliza matangazo ya ndoa yangeanza Jumapili ipi.