Treni ya Saa Nne

Kwa miaka thelathini na moja mume wangu amenisimanga kwa treni moja. Chai ikipoa, treni. Mvua ikivuja jikoni, treni. Kesho yake baada ya harusi yetu tulitakiwa kwenda mjini, akaanze kazi ya kusimamia ghala, na tukaikosa. "Alikuwa anafunga kilemba," huwaambia hata wageni. "Treni ilikuwa ya saa tatu. Sasa hivi ningekuwa bosi!"

Mimi nasema ilikuwa ya saa nne. Tulifika saa tatu na nusu, stesheni tupu, bwana akaamua imeshaondoka. Nikamwambia tungoje. Wapi! Akabeba sanduku, akarudi nyumbani kanuna.

Juzi nikachoka. "Vaa viatu," nikamwambia. "Ratiba ilichorwa ukutani. Twende tukaisome, na aliyekosea aombe radhi."

Stesheni yenyewe, jamani! Reli zimeng'olewa, paa halipo, na nyuma ya dirisha la tiketi kasimama mbuzi. Mume wangu, aliyesahau miwani nyumbani, akamwamkia: "Habari za kazi?"

Nikalowesha leso kwa maji yetu ya kunywa, nikasugua ukuta. Tarakimu zikatokea, kubwa hata yeye akaziona: 10:00.

"Saa kumi!" akaruka.

"Saa kumi ya wapi? Hiyo ni saa ya kizungu, tena ya asubuhi. Saa nne, baba watoto. Saa nne!"

Akahesabu kwa vidole, mara mbili.

Nikaendelea kusugua kwa raha zangu, na chini yake yakatokea maandishi madogo: Jumapili hakuna treni.

Harusi yetu ilikuwa Jumamosi.

Mungu wangu! Nikageuka upesi, nikaegemea ukuta.

"Kuna nini kingine hapo?" akauliza, kakunja macho.

"Uchafu tu."

Akavua kofia. "Mke wangu, nisamehe. Tungengoja nusu saa tu, kama ulivyosema. Miaka yote hii nimekuonea."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na roho iliniuma, kweli iliniuma. Lakini miaka thelathini na moja si mchezo. Maji ya ukutani yakanipenya hadi mgongoni. Sikusogea.

"Sema tena," nikamwambia. "Kwa sauti, na mbuzi asikie."