Sufuria la Chama Liko Mchafukoge

Jumamosi moja saa nne asubuhi Nasma alikuwa uani anasugua sufuria kwa majivu na kipande cha mfuko wa salfeti. Lilikuwa sufuria la shughuli, la kupikia kilo ishirini za mchele, pana kiasi kwamba mtoto wa miaka mitatu angeweza kuogea ndani, na wapo waliooga. Kitako chake kilikuwa cheusi tangu Nasma hajazaliwa. Ubavuni paliandikwa kwa rangi nyekundu ya mafuta, kwa mkono wa mtu asiyekuwa na haraka: MALI YA CHAMA.

Chama chenyewe kilikuwa chama cha kufa na kuzikana cha mtaa wao, hapo Kariakoo, kina mama ishirini na watatu. Zamani walikuwa zaidi ya sitini. Lakini nyumba zilikuwa zikibomolewa moja moja kupisha maghorofa ya maduka, wengine wakahamia Mbagala, wengine Chanika, na wengine ndio hao waliokwisha kupikiwa misibani. Sufuria lilikaa kwa Bi Sitara, bibi yake Nasma, kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda kulichagua dukani enzi hizo, akiligonga kwa kidole na kulisikiliza, na kwa sababu nyumba yake ilikuwa bado imesimama, imebanwa na maghorofa mawili kama jino la mwisho.

"Unalipeleka wapi hilo?" aliuliza Bi Sitara kutoka kitandani. Mlango wa chumba chake ulitazama uani, hakikumpita kitu.

"Kwenye maonyesho, bibi. Hapo Mchafukoge. Wiki mbili tu."

"Kuna shughuli?"

"Hakuna shughuli. Watu wanaliangalia."

"Wanaliangalia, halafu?"

"Halafu wanaondoka."

Bi Sitara alilifikiria jambo hilo. "Haya. Ila mtu akifa, lirudi siku hiyohiyo."

"Jamani bibi, nani afe ndani ya wiki mbili?"

"Usimsemee Mungu. Na uchukue bajaji, usije ukalikokota."

Nasma alikuwa na shahada ya ununuzi na ugavi, na alifanya kazi ghorofa ya nne katika ofisi ya kuagiza mizigo kutoka China. Kazi yake ilikuwa kusoma mikataba hadi ukurasa wa mwisho ili bosi asipigwe. Tangu apate kazi alikuwa ameamua kuujua mji wake. Kila Jumamosi alikwenda mahali: makumbusho, majengo ya Wajerumani, jioni za mashairi kule Upanga ambako washairi walisoma kwenye simu, na ngoma ambazo maelezo yake yalikuwa marefu kuliko ngoma. Alipiga picha, akairusha mtandaoni, akaandika chini yake, "Bongo ina mambo." Kwa miaka miwili alikuwa ameshaona vivutio thelathini na kimoja. Kwenye misiba ya mtaani kwao hakuwahi kukaa. Alipita tu, akasema "poleni" bila kuvua viatu, akawahi tukio.

Kituo cha sanaa kiliitwa Sebuleni. Lilikuwa ghala la zamani la vitenge, limepakwa chokaa nyeupe mpaka macho yanauma, na humo ndani hapakuwa na kiti hata kimoja. Maonyesho ya msimu huo yalihusu jiko la Mswahili. Mbuzi ya kukunia nazi ilikuwa imetundikwa darini, ambako hakuna nazi iliyowahi kufika. Kinu kilikuwa kimelazwa chali, na mchi ukiwa chumba cha pili, ili watu wahisi kutengana.

Mkurugenzi, dada Selina, alivaa suruali ya kanga na hereni pana kama visahani. Alilizunguka sufuria mara tatu, akasoma maandishi mekundu, akashika kifua.

"Mali ya chama," alisema. "Dah. Hii kauli nzito. Inatuuliza, chama ni nani?"

"Ni kina mama ishirini na watatu," alisema Nasma.

"Sawa, lakini ni *nani*?"

Nasma alikubali kuwa hajui. Akapewa fomu ya kuazimisha, akaisaini. Ukurasa wa pili ulisema kazi itabaki Sebuleni kwa muda wote itakaoendelea kuzungumza na watu. Hakuufungua ukurasa wa pili, maana wakati huohuo Selina alikuwa anamvisha shingoni kitambulisho chenye kamba ya rangi ya machungwa: MSHIRIKA WA JAMII.

Mzee Zahoro, fundi saa, alifariki Jumanne ya wiki ya pili, alfajiri. Maziko yakapangwa baada ya adhuhuri. Kina mama wakakodi sufuria, wakateka maji, wakawasha kuni saa tatu. Saa tano maji yalikuwa ya baridi. Wakaongeza kuni. Saa sita yalikuwa ya baridi vilevile, kama ya mtungini. Wakaleta sufuria la pili, na hilo halikupata moto. Bi Badria, mwenyekiti wa chama, ambaye ndiye aliyekuwa akitia chumvi katika misiba yote, alitumbukiza mkono, akautoa, akaufuta kwenye kanga yake.

"Msimalize kuni bure," alisema. "Linapika huko liliko."

Ndivyo ilivyokuwa. Kule Mchafukoge, juu ya kijukwaa cheupe, bila moto, sufuria lilikuwa limeanza kuchemka saa tatu. Ilipofika saa sita wali ulikuwa umekauka vizuri. Mlinzi, Bakili, mtu wa Lindi aliyezika wengi, aliusikia mvuke, akasema, "Kuna msiba," akaenda kutafuta upawa. Wageni wakagawiwa kwenye vikombe vya karatasi na vijiko vya mti. Walikula wamesimama, vichwa wameinamisha upande mmoja. Kwenye daftari la wageni mmoja aliandika kwamba kazi ile ina ujasiri. Mwingine aliandika kwamba haina chumvi, na huyo alisema kweli, kwani mtia chumvi alikuwa Kariakoo.

Bi Badria na wenzake watatu walivuka viwanja vya Mnazi Mmoja na mabakuli yao. Waliambiwa kikombe kimoja kwa kila mgeni, na hakuna kufungasha. Kikombe kimoja hakilishi msiba. Waliorudi kutoka makaburini walikunywa chai ya rangi, na mjane wa Mzee Zahoro akaenda kwa kila mtu kumwomba radhi, kama vile yeye ndiye aliyekosa.

Jioni hiyo Bi Anifa, mama yake Nasma, alikaa ukingoni mwa kitanda cha binti yake. Hakufoka. Hakuwahi kumfokea mtoto huyu, aliyemsomesha kwa vitumbua mpaka chuo.

"Mwanangu, kalichukue. Bibi yako unamwona alivyo."

"Nitalichukua, mama."

"Lichukue kabla."

Bi Sitara alikuwa hajala kitu kigumu kwa siku tisa. Daktari alikuwa amempa mpaka Jumatano. Alipoelezwa habari za sufuria alitikisa kichwa juu ya mto.

"Mimi nimewapikia watu wa mtaa huu miaka arobaini," alisema. "Sitaki waje kunizika warudi na njaa. Nitasubiri. Mpaka Ijumaa naweza."

Bi Sitara alikuwa mtu wa ahadi. Jumatano ilipita, naye akaomba maji.

Jumatano hiyo Nasma aliomba ruhusa kazini, akaenda Sebuleni. Nje palikuwa na foleni. Selina alimkumbatia mpaka kitambulisho kikamchoma kifuani.

"Nasma, umeua! Unaona watu? Tumeongeza miezi sita."

"Dada Selina, nilikuja kuliomba. Bibi yangu anaumwa sana, na lile ndilo..."

"Pole jamani! Pole sana, mpenzi. Tutaliongea. Nakutumia barua pepe."

Barua pepe ilikuja kweli. Ilimwalika Ijumaa saa kumi kwenye hafla ya kuongeza muda wa maonyesho, ambako yeye, Nasma, angezungumza dakika tatu kuhusu sufuria. Alimsomea mama yake. Alisema ndiyo nafasi yenyewe: angeliomba mbele za watu, na mbele za watu hawawezi kukataa. Bi Anifa akaona ni akili ya msomi. Ijumaa akamkodi mtu mwenye mkokoteni, baba wa makamo, asubiri nje ya geti.

Nasma alisimama kwenye maikrofoni amevaa gauni jipya la kitenge. "Sufuria hili," alianza, na watu sitini wakainamisha vichwa kumsikiliza. Katika vivutio vyote alivyowahi kutembelea, siku hiyo ndiyo ya kwanza kutazamwa yeye. Akaeleza juu ya mikono ya bibi yake. Akaeleza juu ya moshi, na majivu, na sauti ya upawa ukigonga ukingo. Aligundua kuwa ana sauti nzuri. Dakika tatu zikawa kumi, makofi yakapigwa, mtu akampa kadi yake, mwingine akamwomba picha, na ombi lenyewe likabaki mdomoni kama kokwa ambalo mtu haoni pa kulitemea. Mwenye mkokoteni alisubiri mpaka magharibi, kisha akapakia viazi vya mtu mwingine akaondoka.

"Limekuja?" aliuliza Bi Sitara.

"Wiki ijayo, bibi."

Bi Sitara alimtazama mjukuu wake, na kitambulisho chake.

"Wiki ijayo ni mbali, mama," alisema.

Hata hivyo alijitahidi. Jumamosi nzima alijitahidi, macho yamekaza dari, kama mtu aliyebeba ndoo kichwani anayeogopa kumwaga. Jumapili baada ya alasiri alichoka.

Maziko yakawa Jumatatu adhuhuri, na Jumatatu Sebuleni hufungwa. Kina mama hawakujisumbua kuwasha moto. Walikaa jamvini, wakagawana biskuti. Saa tatu, kule Mchafukoge, ndani ya ghala lililofungwa kwa kufuli mbili, sufuria lilianza kuchemka, na hapakuwa na wa kugeuza wala wa kupalia makaa. Saa tano harufu ya kuungua ilivuka Mnazi Mmoja ikaingia Kariakoo. Iliingia kwenye maduka ya mashuka, ikapanda ngazi za maghorofa, ikafika uani kwa Bi Sitara. Wanaume waliobeba jeneza waliisikia njia nzima. Hakuna aliyeuliza ni nini.

Nasma alikimbia. Alipiga geti kwa viganja mpaka vikawaka. Akampigia simu Selina, aliyekuwa Bagamoyo kwenye semina ya kuishirikisha jamii.

"Jumatatu kazi zetu zinapumzika, mpenzi," alisema Selina. "Kazi nazo zinachoka."

"Linaungua, dada. Bibi amefariki. Chakula chake kinaungua."

"Pole jamani. Pole sana. Kesho saa nne tunafungua."

Nasma alibaki pale, sikio ameliegemeza kwenye bati, akisikiliza wali wa bibi yake ukishika chini. Alipogeuka kurudi, watu walikuwa wameshatoka makaburini. Wale wa Chanika na Mbagala walikuwa wamekwishaaga. Walikuwa na safari ndefu, na tumbo lisilo na kitu.

Jumanne Sebuleni ilipofunguliwa, wali wote ulikuwa umekuwa ukoko. Ulitoka mzima, duara kamili, mnene kama soli ya kiatu, mweusi chini na wa dhahabu juu. Selina alilia machozi ya kweli. Alisema katika maisha yake yote hajawahi kuona kazi iliyojimaliza yenyewe. Ukoko ukatundikwa ukutani kwa uzi wa nailoni, ukawekewa taa.

Bi Anifa alikuja saa nane na binti yake. Alikuwa amejifunga kanga ya msibani, na mkononi ana sahani tupu iliyofunikwa kawa. Alipenya katikati ya wageni, akasimama mbele ya ukoko, akautazama kama wengine wanavyoutazama. Kisha akasema bismillahi, akanyoosha mkono, akavunja kipande.

Alikula. Katika chumba kile cheupe mtafuno wake ulisikika mpaka mlangoni.

"Tusamehe, mama," aliuambia ukuta. "Watu walirudi na njaa."

Machozi yakamtiririka, naye akaendelea kutafuna, maana chakula cha msiba hakitupwi. Bakili alivua kofia. Ndipo Selina akaanza kupiga makofi, taratibu, halafu wageni wote wakapiga, na wengine nyuma wakasimama kwa ncha za vidole ili waone vizuri. Bi Anifa aligeuka kumtafuta mtoto wake. Nasma alikuwa pale karibu, kitambulisho shingoni. Alitazama mikono yake, akaona nayo inapiga.

Pale palipovunjwa hapakuguswa tena, pakawekewa taa yake ndogo. Wiki iliyofuata jina la Bi Anifa lilibandikwa kwenye ratiba mlangoni: kila Jumamosi saa kumi alasiri, kuomboleza mbele ya ukoko, kati ya mashairi na darasa la ufinyanzi. Hakuna aliyemwuliza. Alikwenda hivyohivyo, na kina mama wenzake nyuma yake na mabakuli yao, kwa sababu mtaani watu waliendelea kufa, ingawa Jumapili hapana tena, maana Jumatatu palifungwa, na sufuria lilikuwa kule.