Nywele za Okomo na Wengineo

Mfuko wa kaki ulirudi kituo cha polisi asubuhi, wakati Afande Josephat akichovya chapati kwenye chai. Mfuko ulikuwa unaongea. Afande aliusikiliza, akamaliza chapati yake, akajifuta vidole, ndipo akampigia simu mjane wa Okomo aje.

Mfuko huo, wenye nywele za marehemu Okomo, ulikuwa umekaa nje ya nchi karibu mwaka mzima, kwa kuwa mtambo wa kupiga vitu nyutroni haupo Mwanza. Nywele zikishapigwa nyutroni, kila elementi iliyomo hutoa mionzi ya aina yake, na wataalamu wakiipima hutambua kilichomo na wingi wake. Vielelezo vingine haviishii kwenye mionzi, hutaja kwa mdomo. Maabara ilikuwa imebandika karatasi kwenye mfuko kuomba radhi kwa kelele.

Akeyo alifika kutoka Ilemela, jasho likimtiririka. Mumewe, Okomo, alikuwa akichoma zebaki kwenye kiwanja cha Chenge cha kuchenjulia dhahabu, pale juu ya mwalo wa wavuvi, mpaka mikono ikaanza kutetemeka, meno yakalegea, akafa. Chenge alisema ni pombe. Okomo, mtu ambaye harusini alikuwa akiomba maji! Sasa mikono ya binti yao, Princess, ilikuwa imeanza kutetemeka vilevile, na moshi wa kiwanja uliingia moja kwa moja dirishani kwao. Akeyo alitaka jambo moja tu: kiwanja kifungwe kabla mtoto hajamfuata baba yake.

"Mama Princess, hebu sikiliza mwenyewe," alisema Josephat, akaufungua mfuko.

"Zebaki," ilisema sauti ya Okomo, nzito, kama mtu aliyekatishwa usingizi. Akeyo akaitikia kwa kichwa. Si ndicho alichokuwa akisema tangu mwanzo?

"Zebaki," ikasema sauti ya shangazi Rose. "Zebaki," ikasema ya shemeji Otuoma. Kisha zikafuata nyingine, wakubwa kwa wadogo, na ya Akeyo mwenyewe ikiwemo.

"Huyu marehemu alikuwa na midomo mingapi?" aliuliza Josephat.

Ikabidi Akeyo aeleze. Baada ya mazishi, ndugu walinyolewa kama wanavyonyolewa kila msiba. Shangazi Rose ndiye aliyeshika wembe, na ndiye pia aliyekabidhiwa nywele za marehemu azitunze kwa ajili ya polisi. Shangazi hakuona sababu ya marehemu kusafiri peke yake, hata kama ni nywele tu. Akazitia zote kwenye mfuko mmoja na kuufunga vizuri kwa uzi. Akeyo hakuuliza, siku hiyo hakuwa na kichwa cha kuuliza kitu.

"Basi mmeharibu kielelezo."

"Kimeharibika vipi, afande? Kila mtu anasikika kwa sauti yake. Huyo wa kwanza ni mume wangu, namjua."

"Sauti sina ugomvi nazo. Tatizo wote mnasema kitu kimoja. Marehemu zebaki, walio hai zebaki. Sasa nitasemaje zebaki ndiyo iliyomuua, na nyie wenzake mnatembea? Kumbe ndivyo mlivyo huko kwenu."

"Afande, si ndiyo ubaya wenyewe huo! Sote tunayo!"

"Mimi nimeletewa kifo kimoja, mama. Hao wengine hawajafa. Wakifa, mje."

Kutoka chini kabisa ya mfuko ikasikika sauti ndogo, ya mtoto anayejibu swali darasani: "Zebaki." Josephat akaufunga mfuko, akautupa stoo kati ya baiskeli zilizokamatwa na mitumba iliyosahauliwa. Bado ulisikika. Akaongeza sauti ya redio, na mchana huo watu walitoa taarifa zao za wizi kwa kupiga kelele.

Shangazi Rose, alipoambiwa, alikasirika kuliko wote. Alitaka kujua kama kweli sauti yake ilisikika vizuri, na kama ilisikika, serikali ilikuwa inasubiri nini tena.

Jioni Princess alikuwa amekaa kwenye mkeka na kikombe cha uji, amekishika kwa mikono miwili.

"Mama, baba amesemaje?"

"Amesema zebaki."

"Na mimi nilikuwemo?"

"Ulikuwemo."

"Nimesema vizuri?"

"Umesema vizuri sana, mama."

Uji ukamwagika kidogo kwenye gauni. Juu ya mwalo, vijana wa Chenge walikuwa wameshawasha moto. Akeyo akafunga dirisha, kisha akamshikia mtoto kikombe anywe.