Wasifu wa Mzee Kivuva

Kosa la Mutunga lilikuwa haraka. Mwezi wa sita, mwaka wa tisini na saba, baba mkwe wake Mzee Kivuva alilazwa hoi, daktari akatikisa kichwa, na kamati ya mazishi ikakutana papo hapo Buruburu, sebuleni kwa Mutunga, mzee akiwa bado anapumua. Sisi tukishaunda kamati hatungoji ruhusa ya maiti. Mutunga, kwa kuwa ni karani na alikuwa na laptopu ya ofisi, akapewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Akauandika vizuri, ole wake, hata tarehe ya mazishi akaitia: Jumamosi, tarehe saba.

Mzee akapona. Jumamosi hiyo alikuwa kwake akila muthokoi wake wa mahindi na maharagwe na kulalamika kwamba chumvi imepungua.

Mwezi wa kumi na moja ofisi ikanunua mashine mpya, ikamwachia Mutunga ile kuukuu. Mkewe, Mbinya, hakumpa nafasi ya kuifurahia.

"Baba Ndete, hiyo tumpe baba. Anataka kuandika historia ya ukoo. Nishamwambia, anaijia Jumapili."

"Ushamwambia?"

"Kwani kuna shida?"

Shida! Baba wa mke huheshimiwa hata akikohoa, na huyu Mutunga alikuwa amemzika mzimamzima. Tena kwa miaka kumi na mmoja Kivuva hajawahi kumwita kwa jina. Ilikuwa "yule karani" tu. Mzee akiuona ule wasifu, ambao ulikuwa bado mle ndani ya mashine, Mutunga alijiona kabisa akirudishiwa mbuzi wake wa mahari, mmoja mmoja, mlangoni.

Alikimbia kwa Waringa, mwalimu wa kompyuta aliyekuwa na chumba juu ya bucha.

"Kufuta si kufuta," Waringa akamwambia. "Ukibonyeza, faili inahamia pipa la taka la kompyuta tu. Ukimwaga pipa, bado iko kwenye diski, ila huioni, na mjuzi ataifufua. Dawa ni kuijaza diski vitu vingine mpaka pomoni, viilalie. Niachie hadi kesho."

"Na utasoma kilichomo?"

"Sasa nitafutaje nisichokijua?"

Waringa alikuwa kwaya moja na Mbinya. Mutunga akabeba mashine yake akaenda zake.

Nyumbani akajifanyia mwenyewe. Akabonyeza, faili ikatoweka, na kale kapicha ka pipa kwenye skrini kakajaa karatasi. Hakulimwaga. Nani atachokora pipa, akajiambia, akaenda kunywa chai. Lo! Mtu mzima na akili zake! Kivuva hajawahi kuruhusu takataka itoke nyumba yoyote kabla hajaikagua. Hata pipa la Mutunga alishalipindua, akaokoa dawa ya meno, akaikamua wiki nzima.

Jumapili mzee akaja, akaichukua mashine. Wiki mbili baadaye akabisha hodi, laptopu kwapani.

"Yule karani yuko? Nimekagua pipa."

Mbinya akaleta birika la chai. Mzee akaifungua mashine mezani, akashusha miwani puani.

"Tarehe saba nilizikwa. Mbona nilikuwa nakula?"

"Nisamehe, baba. Kamati ilinituma."

"Nyamaza. 'Alipendwa na wote.' Nitajie wawili."

"Mbinya..." Mutunga akaanza.

"Umeona?" Mzee akaufuta mstari ule mwenyewe. Akateremka chini zaidi, na sauti ikampungua. "'Hakuwa mtu rahisi. Nilimwogopa miaka yote hii, na sijui nitafanyaje bila yeye.' Hapa pia ulitumwa na kamati?"

"La, baba. Hapo ni mimi." Machozi yalimlenga, na hakuona haya.

Mzee akatoa leso, akapenga kamasi kwa kishindo, akaifunga mashine taratibu.

"Mutunga," akasema, na Mbinya akasahau chai aliyokuwa akimimina. "Huu wasifu nimeutoa pipani. Ukiufuta tena, nitakulaani. Ila tarehe nimeifuta mimi. Hiyo mtangoja."