Shikamoo ya Landrova

Kitendawili changu hiki, kishike vizuri. Nina mzee hana jino hata moja, uji hanywi, wakimsukuma watu kumi haendi. Mwamkie kwa adabu, anakubeba hadi Kongwa. Mzee gani huyo? Punda siye. Trekta, umekaribia, lakini bado. Umeshindwa, nipe mji. Umenipa Dodoma? Nimeupokea, na jibu lenyewe liko hukohuko, Ihumwa, nyuma ya nyumba ya Castory.

Jumamosi moja asubuhi Castory alikuwa amelala chali chini ya Landrova yake, miguu nje, grisi hadi kwenye nyusi. Ilikuwa Landrova fupi isiyo na paa, ya mwaka 1953; mwaka huo ulichapwa kwenye kibao kilichogongomewa kwenye dashibodi. Aliikuta Kongwa nyuma ya ghala, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Mwenye kuku alimwomba asubiri vifaranga vitoke kwanza, naye akasubiri. Wenzake wa ofisini walipanda zabibu au walifuga nguruwe. Yeye kila Jumamosi alikuwa anasugua chuma kwa msasa. Mkewe, Priska, aliwaambia majirani kwamba mke mwenzake yeye anamjua, ni wa bati, na heri huyo hali ugali.

Siku hiyo kila kitu kilikuwa tayari. Fundi Sila, Mgogo wa Chamwino aliyekuwa akimsaidia, alikuwa amesafisha kabureta, amebadilisha plagi, na rejeta ameijaza maji. Petroli ilikuwa inafika, moto ulikuwa unafika. Walipiga hendeli kwa zamu hadi mabega yakauma. Injini haikukohoa hata kidogo. Castory akalipiga tairi teke, akaiita Landrova jina ambalo watu wa kanisani hawalitumii.

Priska akatoka jikoni na birika la chai. Alikuwa amenuna, kwa sababu mumewe aliamka akaenda moja kwa moja kwenye gari bila hata kumjulia hali.

"Mwenzio wa mwaka hamsini na tatu," akasema, "wewe wa sitini na tano. Tangu alfajiri unamchokonoa tumboni. Umemwamkia?"

Alisema kwa kejeli, lakini Castory alikuwa mtu wa malezi. Alijifuta mikono, akasimama mbele ya boneti, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo."

"Marahaba," ikaitikia Landrova. Sauti ilitoka karibu na rejeta, nzito, yenye mkwaruzo, kama ya mzee aliyetoka kulala. Kisha injini ikawaka yenyewe, ikatulia ikinguruma.

Sila alitega sikio. Alisema silinda ya tatu bado inachelewa, ila kabureta ni safi, maana neno limetoka lote. Priska akamimina chai.

Tangu hapo kazi ikawa nyepesi. Ukiiamkia, inawaka, usipoiamkia, unakwenda kwa miguu. Baadaye ikaonekana kwamba Landrova ilikuwa na adabu pande zote mbili. Aliyezaliwa baada yake ilimwitikia. Aliyeitangulia kuzaliwa, ilimwamkia yenyewe kwanza, na haikukosea. Mzee mmoja aliyekuwa akichumbia mjane wa jirani kwa kudai ana miaka sitini aliamkiwa mbele ya mjane huyo, na tangu siku hiyo anapitia njia ya bondeni.

Mama yake Sila, Bi Ruthu, hakujua mwaka aliozaliwa. Alichojua ni kwamba alizaliwa wakati wa njaa, na Ugogoni njaa zimekuwa nyingi. Zahanati moja ilikuwa imemnyima matibabu ya bure ya wazee kwa kukosa cheti cha kuzaliwa. Landrova ilimwamkia akiwa bado getini. Akaijibu kwa Kigogo, "Mbukwa, mwanangu," nayo ikaridhika. Basi wakampeleka nayo hadi mlangoni pa zahanati, ikamwamkia tena mbele ya karani. Karani alisikia vizuri kabisa. Akaiamkia Landrova naye, akaitikiwa, halafu akaeleza kwa upole kwamba gari haligongi muhuri. Bi Ruthu akarudi nyumbani na goti lake linalouma, bila kutibiwa.

Mtu ambaye hakukosa muhuri alikuwa Mkurugenzi wa ofisi ya Castory, Bwana Fabian. Kwa karatasi zake alizaliwa mwaka 1968. Nywele zake zilikuwa nyeusi tii kwa kupakwa kanta, na ngazi alizipanda mbilimbili pale watu walipokuwa wanatazama. Wasipotazama, alishika ukuta. Tatizo lilikuwa moja tu. Mwaka 1975 alimfundisha Castory hesabu, darasa la tatu, Kongwa. Kwa karatasi, mwalimu alikuwa na miaka saba na fimbo ilikuwa ndefu kuliko yeye. Ofisi nzima ilijua, na ofisi nzima ilinyamaza, kwa sababu kila mtu ana faili.

Kwa hiyo Castory, aliyekuwa makamu wake miaka nenda rudi, angestaafu kabla ya mwalimu wake. Kiti alikuwa amekwishakisamehe. Kilichomkaa kooni ni salamu. Kila asubuhi kwenye korido alisema, "Shikamoo, mwalimu," kama alivyolelewa, na kila asubuhi Bwana Fabian alijibu, "Poa, kaka mkubwa, za nyumbani?" Kuitikia kungekuwa kukiri. Walipokuja wakaguzi alikwenda mbali zaidi: mbele ya wageni alimwamkia Castory yeye. "Shikamoo, kaka." Na Castory, wageni wakimtazama, ikabidi aitikie. Alirudi nyumbani na homa. Priska alimpa maji ya ndimu.

Kongwa isingewezekana. Kule mwalimu akiingia darasani watoto walisimama wote, wakavuta, "Shikamoo mwaliiimu," na hakuna aliyegusa benchi mpaka aitikie na kusema kaeni. Siku nyingine alichelewa makusudi, anafuta ubao taratibu, wao wamesimama. Castory alimpenda hivyohivyo. Ndiye aliyemfundisha kugawanya, na kila akipima nafasi ya plagi alimkumbuka. Sasa alitaka kitu kimoja tu kabla ya kutoka kazini: aitikiwe.

Ijumaa yake ya mwisho ofisi ilimwandalia sherehe kwenye ukumbi mmoja wa Ihumwa. Bwana Fabian mwenyewe ndiye aliyetaka kutoka ofisini, Mtumba, kwa Landrova, apigwe picha, maana gari kuukuu humfanya aliyekaa ndani aonekane kijana. Priska, aliyekuwa nyuma na keki mapajani, alimtazama mumewe. Castory akasema yeye siku hiyo ni dereva tu.

Akaiamkia, ikaitikia, ikawaka. Bwana Fabian akapanda mbele, akanyoosha tai.

"Shikamoo," ikasema Landrova.

Bwana Fabian akatoa simu, akaanza kusoma kitu cha muhimu. Wakaondoka. Njiani ikarudia, chini kidogo, kama mtoto anayedhani hajasikika. Bwana Fabian akageukia upande wa pili, akasifia hali ya hewa, ingawa vumbi lilikuwa limejaa mpaka mdomoni. Walipofika kwenye kivuko cha reli ya zamani, magurudumu ya mbele yakiwa yamekwishavuka na ya nyuma bado, Landrova ikazima.

"Shikamoo," ikasema.

Treni ya mizigo ya Kigoma ilikuwa inakuja. Ikawaona, ikafunga breki, ikasimama umbali wa watu kusikilizana. Dereva wake, dada aitwaye Brightness, akatoa kichwa dirishani akauliza kuna nini hapo relini. Priska akamweleza kwamba gari limeamkia na halijaitikiwa.

"Limemwamkia nani?"

"Huyu wa mbele, mwenye tai."

Brightness alimtazama. "Baba, itikia basi. Kigoma mbali."

"Mimi siyo baba yako," akasema Bwana Fabian. "Mimi ni wa sitini na nane."

Bodaboda walikuwa wamekwishajaa pande zote mbili za reli, wamezima pikipiki wasikose maneno. Mmoja akaguna kwa heshima.

"Sitini na nane? Kumbe umekula chumvi. Shikamoo, babu."

Bwana Fabian alianza kueleza kwamba huo ni mwaka, siyo umri. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu bodaboda wote walikuwa wanamwamkia mmojammoja, kwa zamu, kama wanavyopanga foleni ya abiria.

Hapa usidhani kwamba neno moja lingebomoa kitu. Nikupe ya mbele kabisa, yasikukae rohoni. Jumatatu Bwana Fabian alirudi kwenye kiti chake, nywele zimepakwa upya, na yuko hapo hadi leo. Walioko juu yake walisimuliwa yote, wakacheka sana, wakasema gari si shahidi. Bi Ruthu bado anatafuta cheti. Castory amestaafu na anatafuta kioo cha taa ya kushoto. Sila anasema kipo kimoja Mpwapwa, mwenye nacho anakitumia kama bakuli. Hayo ndiyo ya mbele. Lakini sisi bado tuko relini, jua la saa nane liko utosini, na kanta imeanza kushuka shingoni kwa Bwana Fabian, mstari mmoja mweusi, hadi kwenye kola.

Castory akauona mstari ule. Akachukua kitambaa chake, kile cha kufutia plagi, akaufuta kabla haujafika kwenye shati jeupe. Bwana Fabian akamwacha afute. Hawakutazamana.

Kisha Castory akaachia usukani. Kwa kuwa gari halikuwa na paa, akasimama wima palepale kwenye kiti chake, mikono ubavuni, mwanamume wa miaka sitini mwenye grisi kwenye kucha.

"Shikamoo, mwaliiimu."

Aliivuta ile i kama Kongwa. Landrova ikasema pamoja naye. Bodaboda wakashuka kwenye pikipiki, wakasimama, wakadakia. Priska akasimama na keki yake. Na Brightness kule juu akasimama dirishani. Ikawa sauti moja, ndefu.

Bwana Fabian akarudisha simu mfukoni. Akatazama upande huu wa reli, akatazama upande ule, taratibu, kama mtu anayehesabu waliokuja na watoro. Mgongo wake ukanyooka kwa namna ambayo Castory hakuwa ameiona tangu darasa la tatu. Wote walikuwa bado wamesimama.

"Marahaba," akasema mwalimu. "Kaeni."