Chungu Kimoja, Mashahidi Wengi

Mkutano wa kusimamisha uji ulipangwa saa nane mchana, na asubuhi hiyo Mapendo Murhula alikuwa bado na utulivu wa mtu aliyemaliza kazi yake vizuri. Alikuwa mtakwimu wa shirika dogo lililowapa uji wa lishe watoto waliokimbia vita, katika kambi ya Lac Vert, kwenye barabara ya Sake. Kila mwezi watoto walipimwa uzito. Yeye akachora mstari wa ukuaji wao, nao ukapanda bila shaka yoyote. Watoto wamepata nafuu, aliandika. Unga unaweza kupelekwa kwingine.

Alikwenda kambini kushuhudia kipimo cha mwisho. Mama Mukagasana alikuwa akiwatundika watoto wake kwenye mizani, mmoja baada ya mwingine, huku foleni ikimtania.

“Wewe, hiyo kilo ni ya mutoto ao ya bikwembe ulimuvalisha?”

“Ya mutoto! Kuya umubebe, mugongo yako itakujibu.”

Mapendo alicheka pamoja nao, kisha akauliza mbona watoto wale huongezeka kwa pamoja.

“Si chungu ni moya, mama,” Mukagasana akajibu. “Batoto bakubwa banauzisha makala ya kupikia. Siku fufu iko ku chungu, bote banaongeza. Siku haiko, bote banapungua.”

Mwanamke kijana aliyeitwa Julie, mwenye mtoto mmoja mgongoni, alisema kutoka nyuma: “Ye anakuyaka na kikosi ya batoto. Mi niko na huyu tu. Nikienda kutafuta kuni, nani atamuleta kumupima kilo? Mara mingi tunakosa.”

Mapendo akaelewa kosa lake. Alikuwa ameiambia kompyuta kwamba kila kipimo ni shahidi aliyekuja peke yake. Lakini vipimo vya mtoto mmoja hufuatana, na ndugu wanaokula chungu kimoja hupanda na kushuka pamoja. Chungu cha Mukagasana kilikuwa kimetoa ushahidi mara nyingi. Cha Julie hakikusikika.

Aliingia ndani ya gari la shirika, akafungua kompyuta, akawarudisha watoto katika nyumba zao: kila mtoto na mstari wake, kila nyumba na mwendo wake. Upande wa Sake ulisikika mlio mzito wa mzinga, hakuinua kichwa. Kilichomtisha kilikuwa mbele yake. Uhakika wote ulikuwa umeyeyuka, na chini ya ule mstari mzuri, nyumba zenye mtoto mmoja zilikuwa zikishuka mwezi baada ya mwezi.

Kabla ya saa nane, Papa Evariste, mkuu wa mradi, alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi.

“Mapendo, rapport yako imeshakwenda kwa wafadhili. Dereva iko anapakia unga kwenye camion yake.”

“Najua, papa. Niliikosea mimi.”

“Kwa hiyo watoto hawakukua?”

“Baadhi walikua. Wengine sijui. Wale wasioletwa, naogopa.”

“Niwapelekee wafadhili ‘sijui’?”

“Ndiyo, papa.” Akamwonyesha kompyuta. “Jibu la kwanza litawanyima uji wale wanaopungua.”

Evariste aliitazama ile mistari inayoshuka. Halafu akatoka nje, akapaza sauti kwa dereva: “Dieudonné! Shusha ile mifuko!” Alipogeuka alisema taratibu, “Mkutano wa leo naahirisha, unga unabaki hadi ule ujao. Wale wasioletwa usiwangojee kwenye foleni. Beba mizani uwafuate.”

Jioni Mapendo aliitundika mizani mbele ya hema la Julie, pembeni ya kambi, juu ya mawe meusi ya volkano. Mshale ukacheza, ukatulia chini ya pale ulipotulia mara ya mwisho.

“Ameongeza, mama?”

“Amepungua. Lakini uji unabaki.”

Julie akamkumbatia mtoto. Mapendo alibeba mizani hadi hema la jirani, nalo pia la mtoto mmoja ambaye hakuwa ameletwa kwa muda mrefu. Mlango ulifungwa kwa kamba kutoka ndani. Aliita mara ya kwanza, akangoja. Akaita tena, mizani ikiwa bado mkononi: safari hii hangeondoka bila kumpima.